Mboga Mbichi kwa Damari

Jumamosi, 1 Juni 1974

Wiki sita leo tangu tufunge ndoa! Wiki sita! Nimenunua daftari hili kwenye duka la kijiji ili furaha yangu isipotee bure. Kurasa tisini na sita. Nahofia hazitatosha.

Mke wangu anaitwa Damari. Nimeandika jina hilo mara nne kwenye jalada, mara moja kwa kalamu nyekundu. Shangazi Luciana, ambaye ndiye ananipikia siku hizi, alipoliona akaniuliza kama wizi wa madaftari umezidi kiasi hicho, hata mtu aandike jina mara nne, tena lisiwe lake. Shangazi ni mtu mwema lakini mambo ya mapenzi hayajui. Ameolewa miaka thelathini na mmoja.

Damari yuko Dodoma, anamalizia kozi ya ukunga. Tulikaa pamoja siku kumi na mbili, likizo yake ikaisha. Nyumba yetu ni ya tatu katika mstari wa pili wa kijiji kipya hapa Unyambwa. Ina vyumba viwili. Kimoja nalala. Kingine nakiangalia.

Sasa, wazo! Limenijia asubuhi nikimwagilia mchicha. Serikali inahamia Dodoma. Makarani, madereva, wapiga chapa, wote hao watakula nini? Kule mboga mbichi ni za kutafuta kwa tochi. Na sisi hapa tuna bustani ya kijiji bondeni, yenye visima, mchicha, nyanya, na kabichi kubwa kama kichwa cha ndama. Nusu yake inanyauka shambani kwa kukosa mlaji. Tuwapelekee! Kila wiki! Na mboga mbichi haziendi zenyewe, lazima zisindikizwe na mtu mwenye elimu. Nani ana kidato cha nne katika kijiji hiki? Mimi. Nani katibu wa bustani? Mimi. Kwa hiyo kila wiki kijiji chenyewe kitanipeleka mlangoni kwa mke wangu, kwa heshima zote.

Niliruka. Kweli niliruka, ndoo ikamwagika.

Jumatatu, 3 Juni

Mkutano wa kijiji. Nimehutubia! Nilivaa shati la harusi. Nikaeleza kuwa adui wa mboga ni muda, na kuwa kutoka kwenye tuta letu mpaka kwenye sahani ya Dodoma ni saa thelathini tu, lori likienda vizuri. Nilitamka "saa thelathini" kwa sauti nzito.

Gaspari akanyoosha mkono. Huyu Gaspari ndiye anayesimamia vitunguu vya kijiji na kuvipeleka Dodoma kila wiki kwa lori. Mtu wa miaka arobaini hivi, mjane, jino moja la dhahabu, anacheka hata pasipo sababu. Alitaka kujua mchicha wa saa thelathini unafanana na nini. Nikamjibu kuwa ni suala la utaalamu. Akasema kitunguu chake hakina utaalamu wowote, kinakaa miezi mitatu kwenye gunia na kikifika kinasalimia. Watu wakacheka. Bibi mmoja wa mstari wa kwanza akauliza kama huko Dodoma majani hayaoti, mpaka watu wasomi watumiwe majani kwa lori.

Kitunguu si mboga. Kitunguu ni harufu. Nilitaka kuyasema hayo, ila yamenijia sasa hivi nikiwa nyumbani.

Mwenyekiti ameruhusu tujaribu. Magunia manne ya mchicha na mawili ya nyanya, yasafiri na lori la vitunguu. Gaspari alinishika bega tukitoka. Akasema, "Bwana harusi, kama unamtaka mkeo si upande tu lori twende? Kwani lazima ubebe mchicha?"

Wivu huo. Nimeutambua mara moja.

Jumatano, 5 Juni

Siku kubwa! Nimeamka saa kumi alfajiri. Kumwandikia Damari barua, kurasa tano. Kuvuna mchicha ukiwa na umande. Ulivyokuwa mzuri! Ulisimama kama wanafunzi mstarini.

Shida ilikuwa maji. Ninajua, kwa kusoma, kwamba gunia linalosafirisha mboga lazima liwe limelowa. Lakini kisimani nilikuta foleni ya akina mama, na nilipoingiza ndoo ya saba wakanifukuza. Walisema maji ya kunywa watu hayawezi kunyweshwa magunia. Mmoja akasema Damari aliolewa na mwanamume au na birika.

Sikukata tamaa. Akili ni mali! Nikakumbuka ziwa. Singidani lote lile, maji yametandaa, hakuna foleni, hakuna wa kunifukuza zaidi ya ndege. Nikaazima punda, nikapeleka magunia yote sita ziwani, nikayalowesha mpaka yakachuruzika. Nikaunyunyizia na mchicha wenyewe ndani, kwa ukarimu.

Idrissa, dereva wa lori, akaniambia juu ya vitunguu imebaki nafasi moja. Ama mimi, ama magunia mawili ya nyanya. Akasema nichague upesi, ndugu, injini inakunywa mafuta.

Nilitazama nafasi ile. Nilitazama nyanya. Nikafikiri, je, mume anayefika mikono mitupu ni mume gani? Nyanya zitanisemea. Nikazipakia. Barua nikaichomeka katikati ya nyanya ili Damari aikute kama yai katika kiota.

Gaspari alipanda juu ya vitunguu vyake, akanipungia. Jino lilimetameta mpaka lori likapotea kwenye kona ya Mwankoko.

Jioni ndefu. Nimefagia chumba cha pili.

Jumamosi, 8 Juni

Sitaki kuandika.

Naandika. Gaspari amerudi. Alikuja mpaka mlangoni, akakaa kwenye kigoda changu, akavua kofia kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba. Mchicha ulipofunguliwa ulikuwa umeshajipika. Ulilala chini ya gunia, mweusi, unang'aa. Mpishi wa bweni la wauguzi, anakokaa Damari, akauonja kwa ncha ya kijiko, akasema ahsante, ila mwambieni huyo aliyetuma apunguze chumvi kidogo, sisi tunapenda kuunga wenyewe.

Chumvi! Maji ya Singidani! Kila mtoto wa hapa anajua ng'ombe hupelekwa kule kulamba. Nami nimesoma! Kidato cha tatu tuliweka kipande cha kiazi katika maji ya chumvi, kikasinyaa kama kidole cha mzee, nikachora mchoro, mwalimu akaandika "Vizuri sana".

Nyanya zilifika zikiwa mchuzi. Barua yangu ilifika ndani ya mchuzi. Gaspari anasema Damari aliianika kwenye kamba ya nguo, ukurasa mmoja mmoja, wenzake wakapita wakisoma. Anasema Damari alicheka mpaka akashika ukuta.

Alicheka mbele ya Gaspari. Mimi sijamwona akicheka mpaka kushika ukuta. Tulikuwa na siku kumi na mbili tu, na nyingi tulikuwa tukisalimia wageni.

Lakini kuna barua yake! Nanakili hapa sehemu yenye maana, ili ipumzike ndani ya daftari hili:

"Mume wangu, mtihani wa mwisho umekwisha. Metroni ametuambia tutapangiwa vituo. Aliyeolewa anaweza kupangiwa alipo mumewe, lakini mume aje mwenyewe ofisini na cheti cha ndoa, ajulikane kuwa yupo, kabla orodha haijafungwa Jumatano tarehe 19 saa tisa na nusu. Asiyekuja, mkewe atapelekwa popote. Zefania, usilete kitu. Njoo wewe tu. Nimechoka kukusoma, nataka kukuona."

Nimeisoma mara kumi na moja. "Nataka kukuona"! Nani mwingine Tanzania hii ana mke anayeandika hivi?

Siku kumi na moja. Nafasi tele.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani. Nimekaa kwenye benchi la watu waliooa, kama inavyostahili. Pembeni yangu pamebaki pengo la mtu mmoja. Kila aliyechelewa alikuja kupatazama pale, akanitazama mimi, akaenda kukaa kwingine. Kitabu cha nyimbo nilikishika kwa upande mmoja tu, kama tulivyokishika naye ile Jumapili.

Kwa Shangazi, chakula cha mchana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha kwa Kinyaturu akaniuliza nitakwenda lini kumchukua mke wangu, maana watu wanauliza. Nikamwambia tarehe 18 napanda lori, tarehe 19 asubuhi nipo ofisini. Akafurahi. Akaingia ndani akatoka na kifuko cha mlenda mkavu, ule unaoanikwa juu ya paa na kutwangwa, akasema nimpelekee mwanawe Damari.

Nilijizuia. Mlenda mkavu! Wakati mimi nahangaika kuuondoa mji katika zama za mboga kavu! Nilimweleza kwa upole kuwa mboga ikikauka inakufa. Shangazi akasema hata yeye anakauka na bado yupo. Nimekipokea kwa heshima tu.

Sasa nafikiri. Damari anasema nisilete kitu. Hayo ni maneno ya mwanamke mwenye adabu. Hawezi kuandika "niletee". Wale wauguzi wamesoma barua yangu kwenye kamba. Wanamjua mume wake kama mtu wa mchuzi. Nikitokea mikono mitupu, si watamnyooshea vidole? Hapana. Nitaingia kwenye geti lile na mzigo wa mboga mbichi kabisa, za kijani, metroni atasimama, atasema, huyu ndiye mume! Kituo chochote atakachotaka mkewe, apewe!

Jumatano, 12 Juni

Uvumbuzi! Gunia ndilo kosa. Ndani ya gunia mboga inapumua joto lake yenyewe. Inahitaji upepo. Nimebuni kreti ya mabua! Mabua ya mtama, makavu, mepesi, yamefungwa kwa kamba ya katani, yana nafasi ya kupitisha hewa. Hayana gharama yoyote, tele mashambani baada ya mavuno. Nashangaa hakuna aliyewaza hili tangu dunia iumbwe.

Safari hii ni kabichi tu. Kabichi ina subira.

Nimemaliza kreti kumi na nane. Zimepangwa mbele ya nyumba. Gaspari alipita, akazitazama muda mrefu, akauliza kama nimejenga mabweni ya kuku. Kisha akasema neno la ajabu. Akasema, "Bwana harusi, hayo usiyaache nje." Anahofia watu wataona.

Ijumaa, 14 Juni

Ng'ombe.

Wametoka malishoni jioni, wakapita mstari wa pili kama kawaida yao. Walikula kreti kumi na tatu. Mabua ya mtama! Ndiyo chakula chao cha kiangazi! Niliwakuta wametulia, macho nusu wamefumba, wanatafuna mradi. Ndama mmoja aliingiza kichwa ndani ya kreti, akaanza kukimbia nayo kijiji kizima. Watoto wote walimfuata wakiimba.

Nimejua kwa nini hakuna aliyewaza hili tangu dunia iumbwe.

Nimebakiwa na tano. Nitatengeneza nyingine sita kwa fito za miti. Vidole vimejaa malengelenge. Natamani kungekuwa na mtu wa kumwonyesha. Mtu wa ukunga angejua la kufanya na malengelenge. Nilimwonyesha Shangazi, akapaka mafuta ya ng'ombe, na akaniuliza kama cheti cha ndoa nimekiweka mahali pa kuonekana. Nimekiweka mfukoni mwa shati la harusi.

Jumatatu, 17 Juni

Kesho! Kesho! Kesho!

Kreti kumi na moja, zote zimelala ndani, katika chumba cha pili. Kwa mara ya kwanza chumba hicho kina harufu ya kitu. Idrissa anaondoka saa kumi na moja alfajiri. Usiku tunaingia Dodoma, Jumatano asubuhi nipo ofisini saa mbili kamili. Gaspari amenitengea nafasi mbili juu ya vitunguu, moja yangu na moja ya kabichi. Hata yeye amelainika. Nimenyoa ndevu. Nimejikata.

Jumatano, 19 Juni, Manyoni, stesheni ya reli

Saa tatu asubuhi. Naandika juu ya kreti. Inanipasa kueleza kwa utulivu.

Jana tuliondoka vizuri. Jua lilipopanda nikaona majani ya nje ya kabichi yanaanza kulegea, nikamwomba Idrissa asimame ninyunyize. Akasimama. Baada ya saa moja nikagonga tena juu ya kichwa cha lori. Akasimama. Mara ya tano aliteremka na kuniambia kwa taratibu sana kwamba amewahi kubeba wagonjwa, amewahi kubeba maiti, amewahi kubeba hata bwana mkubwa wa wilaya, na hakuna aliyewahi kumsimamisha kama kabichi hizi. Abiria wa mbele, mwalimu mmoja, akaanza kuziita "waheshimiwa".

Tukaingia Manyoni saa kumi jioni, tumechelewa sana. Idrissa akasema hapa ni dakika kumi, akajaza mafuta. Kivuli kilikuwa kizuri. Nikaona niziteremshe zote zipumue, niziloweshe vizuri mara moja tu mpaka Dodoma. Gaspari alinikataza. Nikateremsha. Kisha nikaenda kutafuta maji, maji yalikuwa ng'ambo ya reli, na kwenye bomba kulikuwa na foleni. Foleni tena!

Nikasikia honi. Nikasikia honi ya pili. Nilipotokea na ndoo, lori lilikuwa linasogea, na Gaspari amesimama juu ya magunia ananyoosha mikono yote miwili. Alikuwa anapiga kelele, "Ruka, Zefania! Ziache! Ruka! Leo si siku ya kabichi!"

Ningeweza kuruka. Naandika ukweli. Lilikuwa linakwenda polepole, nami nilikuwa mkimbiaji shuleni. Lakini kreti kumi na moja za kabichi, katikati ya watu nisiowajua? Mbuzi wa stesheni walikuwa wameshaanza kusogea. Nikasimama na ndoo yangu.

Treni ya kwenda Dodoma ni leo mchana. Inafika jioni. Orodha inafungwa saa tisa na nusu.

Labda wataongeza muda kidogo. Wakiona kabichi.

Usiku nililala kati ya kreti. Hakuna aliyenisemesha ila mlinzi mmoja. Aliniuliza nangoja nani. Nikamwambia sisi ndio tunaongojwa.

Alhamisi, 20 Juni, Dodoma

Nimemwona! Nimemwona Damari!

Nilifika geti la bweni saa mbili asubuhi na mkokoteni wa kukodi. Kabichi nane kati ya kila kumi zilikuwa salama, kijani, ngumu, zinalia ukizibana. Mafanikio! Damari akatoka amevaa sare nyeupe, kitambaa cha bluu kichwani. Nilikuwa nimesahau kuwa ana kidoti kidogo chini ya sikio. Mtu anawezaje kusahau kitu kama hicho?

Akanitoa jani begani. Akasema, "Umekuja."

Nikamwonyesha kreti. Nikamweleza kuhusu upepo, mabua, fito, ng'ombe, joto la gunia. Alisikiliza kila neno, macho yake hayakutoka usoni kwangu. Baadaye akasema orodha ilifungwa jana. Alikaa nje ya ofisi tangu asubuhi hadi jioni, kwenye benchi, pamoja na wake wengine wawili. Waume wa wale wengine walikuja, mmoja kwa baiskeli kutoka Kondoa. Gaspari alikwenda kumwombea kwa metroni, akaapa kwamba mume yupo, yuko Manyoni, anazuiwa na mboga. Metroni akasema amesikia sababu nyingi katika kazi hii, hiyo anaiandika.

Amepangiwa Mpanda. Mpanda! Miaka miwili kwanza, ndipo aombe uhamisho.

Nikazipanga upya kreti. Mpishi akatokea, akazitazama kabichi, akasema ni nzuri, ziwekwe jikoni, halafu akauliza kama umebaki ule mlenda mkavu wa mama mmoja wa Singida. Gaspari aliuleta jana ule mfuko wa Shangazi niliousahau juu ya lori, wauguzi wote wanaotoka vijijini wakaugombea, mmoja alilia kwa kukumbuka kwao. Wanaulizia gunia zima, kila mwezi, na hata wa mahospitali mengine wangeutaka. Nimemwambia mpishi kwamba sisi tumeshavuka hatua hiyo.

Kengele ikalia, Damari akarudi wodini. Tulikuwa na muda wa kama nusu saa. Sasa, nikiwa nimekaa stesheni peke yangu, nahesabu niliyomwambia, na naona nilisahau lile moja nililokwenda kulisema. Lilikuwa fupi tu.

Ila si mwisho! Anasafiri Alhamisi ijayo, tarehe 27. Treni ya bara inapita Manyoni mchana, inasimama dakika ishirini. Aliniambia akiwa ameshika vyuma vya geti, "Uje Manyoni, mume wangu. Usimame tu pale, nikuone, nishuke nikushike mkono. Dakika ishirini zetu. Usilete kitu. Nakuomba."

Jumapili, 23 Juni

Unyambwa. Chumba cha pili bado kinanuka kabichi.

Shangazi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinipa uji, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza, akasema Mpanda ni mbali. Gaspari naye amekuja. Amesema Alhamisi kuna lori tupu linateremka Manyoni, amenisemea kwa Idrissa, nikae mbele na yule mwalimu, nikiwa na mfuko wa nguo tu. "Mfuko wa nguo tu, bwana harusi. Tumeelewana?" Hakucheka hata kidogo. Jino halikuonekana.

Usiku wa jana nilifungua ramani yangu ya shule. Nilitaka tu kupaona Mpanda palipo. Nikaweka kidole Manyoni, kikafuata reli. Tabora. Kaliua. Halafu njia ikakata kusini, na ikaendelea, na ikaendelea...

Reli inafika Mpanda! Mpaka mjini! Hakuna lori, hakuna Idrissa, hakuna kusimama!

Lori linakwenda tupu, amesema. Tupu!

Alhamisi, 27 Juni, Manyoni

Ushindi! Ushindi mtupu!

Treni iliingia saa sita na dakika tano. Nilikuwa tayari na kreti kumi na nne, zote za fito. Idrissa alipoziona alfajiri alizima injini, akazihesabu, akaiwasha tena. Karani wa mizigo hapa ni mtu wa taratibu. Hapokei mzigo mpaka treni ifike, na kila kreti ipimwe peke yake, kila kreti ibandikwe karatasi ya jina, na karatasi iandikwe mbele yake kwa wino.

Nilimwona Damari mara tu treni iliposimama. Behewa la tatu, dirisha la pili, kitambaa cha bluu. Akaita, "Zefania!" Stesheni nzima iligeuka. Moyo wangu! Nikamwonyesha kidole kimoja, kumaanisha angoje. Nilikuwa kwenye kreti ya pili.

Akashuka. Akapita watu wote wale mpaka kwenye mizani. Alisimama karibu yangu kabisa, ananukia sabuni ya hospitali. Akasema, "Nishike mkono basi." Nikamwonyesha mikono yangu, ilikuwa imejaa gundi. Nikampa kalamu anisaidie kuandika. Akaandika karatasi mbili, "Damari Zefania, Hospitali, Mpanda". Jina langu baada ya lake! Mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Karatasi ya pili wino ulimwagika kidogo, akaifuta kwa kidole, akanirudishia kalamu. Akasema kitu, lakini karani alikuwa anasoma kilo kwa sauti.

Filimbi. Damari akakimbia. Kreti ya kumi na nne ilikuwa bado chini! Nikaibeba, nikakimbia nayo kandokando ya behewa la mizigo, nikairusha, mlinzi akaidaka! Akaidaka! Sijawahi kuona mdako kama ule.

Nilipogeuka, madirisha yalikuwa yanapita. Mikono mingi ilikuwa inapunga. Mmoja ulikuwa wa Damari, sikujua upi. Niliipungia yote.

Kreti zote kumi na nne zimepanda! Hakuna hata moja iliyobaki. Tumebaki mimi, mizani, na mama mmoja anayeuza karanga. Ameniuliza yule dada ni nani. Nikamwambia ni mke wangu, tuna miezi miwili tangu tuoane. Akashtuka. Akasema samahani mwanangu, alidhani ni karani mwenzangu.

Nimekaa hapa saa nzima natafakari kwa kina, kwa sababu mtu mwenye elimu lazima ajikosoe. Na kosa nimeliona. Ni zile karatasi za majina. Dakika ishirini zote ziliishia kwenye kuandika. Nitamwomba karani aniruhusu niziandike nyumbani, usiku, zije tayari na gundi yake.

Damari anapata likizo mwezi wa kumi na mbili, na treni yake ya kuja nyumbani itasimama hapa dakika ishirini. Kwa hesabu yangu zinatosha kushusha kreti tupu thelathini na kupakia thelathini nyingine.